Ulaini: Sifuri

Ghorofa ya pili, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la vipuri vya lori,
Musembi aliingia bila kubisha,
kofia mkononi, rangi ya mafuta bado imo kwenye kucha
ingawa miaka sita hajashika brashi.

Alitaka bango la binti yake: SYOMBUA MITUMBA.
Nikamwonyesha fonti mia mbili na kitu.
Alizikagua kama mtu achambuaye maharagwe,
akitupa moja moja kwa kidole.
"Hii S imelala. Hii imeshiba. Hii ni ya benki.
Hii, mwanangu, hata sijui ilizaliwa wapi.
Leta kalamu."

Mimi ni wa kizazi cha kipanya.
Mstari siuchori, naupiga pini:
nukta hapa, nukta kule,
kisha navuta vishikio viwili, kama masharubu,
mpaka tao lijae.
Nukta chache, tulifundishwa. Nukta chache ndiyo heshima.
S nzuri ina nukta saba. Nane ni ulafi.

Nilimfungulia chombo cha mstari huru,
nikampa kibao na kalamu yake isiyo na wino.
Aliinusa kwanza. Haikuwa na tapentaini;
akanitazama kama niliyemuuzia chai ya maji matupu.
Akavuta pumzi, akaikatia katikati,
akaanza juu kulia, akashuka, akazunguka,
na mkono ukatetemeka.
Ulitetemeka tumboni mwa S,
ukatetemeka zaidi pale chini inapogeuka kurudi,
nami nikatazama ukutani, kalenda ya muuza karatasi,
nisimwone.

Alipoinua kalamu, kioo kilifikiri kidogo.
Kisha ile S ikajinyoosha yenyewe:
laini, tulivu, shingo ya chupa.

"Nani ameandika hii?"

Nikaeleza. Kuna kitelezi, nikasema,
kiko sabini kwa mia; mashine inakadiria ulichokusudia,
inafuta kasoro za mkono.
"Ulichokusudia," alirudia,
akilitoa neno mdomoni polepole kama mwiba wa samaki.
"Imeniuliza lini?"

Sikuwa na jibu. Chini barabarani
msukuma mkokoteni alipiga mluzi watu wampishe.

"Huu mtetemo nimeununua.
Miaka thelathini na minne juu ya ngazi.
Ukuta wa hoteli Gikomba, mlango wa kinyozi Kariobangi,
lori la mtu aliyenilipa kwa mbuzi mgonjwa.
Urudishe."

Nikavuta kitelezi hadi sifuri.

Akaandika tena. Safari hii sikutazama kalenda.
Nukta mia mbili na kumi na nne
zilijaa mstarini kama siafu waliopata sukari,
kila moja na masharubu yake,
kila moja pale mkono uliposita, ukajikumbusha, ukaendelea.
Nilichagua nne za katikati nikazifuta, mazoea tu.
Akanigusa kiwiko.
Nikatendua.

Herufi zilizobaki nilizipanga mimi,
nukta chache, heshima tupu,
na zote zikaonekana zimesimama foleni
nyuma ya mtu anayecheza.

Mashine yetu hukata neno zima la stika kwa dakika moja.
S ile peke yake ilichukua kumi na moja.
Oyieko, mwenye duka, alichungulia mara mbili akiulizia bili ya stima.
Kisu kilisita, kikageuka, kikasita,
na Musembi amekiinamia, mikono nyuma,
akisogeza midomo bila sauti,
kama anayemsomesha mtoto.

Kwenye bei alikata shilingi hamsini.
"Moja nimeandika mwenyewe," akasema, akashuka ngazi.

Kitelezi nilisahau kukirudisha.
Kesho yake bibi harusi mmoja alipiga simu kuhusu kadi zake.
Zimependeza, alisema, mama mkwe amezisifu.
Ila lile ua la kushoto,
mbona kama lina homa?